Mama Anamlilia Mjane wa Kibengali, Mimi Ananizuia Kuolewa

Admin, nifichie jina, ndugu zangu wote wamo humu.

Nina miaka thelathini na sita, naishi Al Hail hapa Maskati, kazi yangu ni wizarani Al Khuwair. Gari ninalo, mshahara ninao, talaka pia ninayo. Sisi ni Waomani wa Unguja. Baba amefariki, kwa hiyo walii wangu, wa kuniozesha, ni kaka yangu.

Mama macho yake yamechoka, basi kila baada ya alasiri humsomea riwaya ya Kibengali iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, nikimfasiria kwa Kiswahili. Ni habari ya mjane kijana wa tabaka la juu anayempenda mfinyanzi wa tabaka la chini. Wakwe wamemnyoa nywele, wamemkataza hata samaki, eti asipate matamanio. Mama hulia mpaka mtandio unarowa. "Wana roho gani watu hawa? Mtoto wa watu kapenda tu!"

Nikadanganyika. Nikamwambia kuna mwenzangu kazini ananitaka, na mimi namtaka, nina hamu naye. Akauliza ukoo tu, machozi yakakauka hapo hapo.

"Babu yake akituchotea maji Unguja! Si kufu yako huyo." Yaani asili yake ni ya chini, hafai kunioa. "Na wewe, mwanamke mzima, huna haya? Hamu!"

"Mama, huyu ndiye mfinyanzi wako."

"Wale Mabaniani, wana ujinga wao. Sisi tuna asili."

Sijawahi kumchukia mama yangu kama siku ile. Na kaka, aliyeoa Mfilipino mke wa pili bila kumuuliza mtu, kaapa kwamba posa ikija Ijumaa hii hafungui mlango. Nikienda kwa kadhi anioze, anasema, nisikanyage tena kwetu, hata mama akifa.

Wiki nzima mama hakusema nami. Jana akaniita, "Njoo unisomee, mwanangu. Namuombea Mungu yule mjane ampate mfinyanzi wake."

Nilitaka kumrushia kitabu. Mwisho naujua, nimeshausoma. Mjane anafungua mlango mwenyewe mchana kweupe, anakwenda kwa mwanamume wake, na mama yake hamwoni tena.

Ndugu zangu, kabla ya Ijumaa niambieni: mwisho huo nimsomee mama, au nimwoneshe?