Eisi ya Baba na Joto la Siakago

Tangu niolewe Siakago, mama hakuwa amekanyaga kwangu hata siku moja. Yeye ni mtu wa Kanyakine, kwenye ukungu na majani chai, na kila nilipomwalika jibu lilikuwa hilo hilo: "Nina presha, mwanangu. Joto la huko litaniua." Lakini presha hiyo hiyo ilimruhusu kutembelea mabinti wa wenzake wa kanisani, hata walioolewa mbali kuliko mimi. Hakupenda niolewe kwenye ukame, basi. Iliniuma, na sikuficha.

Baba, mwalimu mstaafu, anaamini kila tatizo lina fundi wake. Alichukua gari lake kuukuu, ambalo kwa umri ni kaka yangu mkubwa, akalipeleka karibu na soko la Gakoromone litiwe eisi, ile mashine ya kupoza hewa. Fundi alicheka mpaka akaketi. "Mwalimu, wewe unaishi ndani ya friji. Baridi nyingine ya nini?" Hata hivyo alifunga kompresa, akajaza gesi, akaonya jambo moja: gari likisimama juani eisi izimwe, la sivyo injini itachemka.

Shida ikaanzia nyumbani. Kwetu ukiendesha gari unashusha kioo, unasalimia kila mtu na kuulizia ng'ombe wake. Baba alipofunga vioo ili baridi isitoke, majirani wakasema mwalimu siku hizi anaringa. Mzee wa kanisa kama yeye kuambiwa hivyo si mchezo. Akajitafutia dawa: eisi inanguruma, vioo vyote chini, mkono uko nje unapunga. Jamani, alikuwa anapoza Kanyakine nzima.

Nikampigia simu. "Baba, mkija huku mfunge vioo. Huku hakuna anayekujua."

"Sasa nikifunga watanijuaje?"

Walifika Jumamosi, jua la utosi. Nilikimbia kumfungulia mama mlango, naye akaushikilia kwa ndani. "Nisalimie hapa hapa. Hapa ni pazuri." Nilidhani ni utani. Alinywa chai garini. Akala kuku garini. Mama mkwe wangu alimsalimia dirishani kama mtu anayenunua stempu. Mimi nilipita na sahani huku na huku nikitabasamu, na moyoni nimekasirika kweli kweli, maana nyumba ile nilikuwa nimeisugua wiki nzima kwa ajili yake.

Baba alilikumbuka vizuri onyo la fundi, lakini nani angemwambia mama ashuke? Si yeye. Mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti, injini ikakohoa, na eisi ikanyamaza. Mama alijikaza humo ndani kwa muda, jasho likimtiririka. Kisha akafungua mlango mwenyewe, akatupita sote, akaingia nyumbani kwangu.

Alisimama sebuleni akitazama mapazia, kisha picha yetu ya arusi, ambayo aliitazama kwa muda mrefu. Bati lilikuwa linalia kwa jua na mle ndani mlikuwa moto kuliko nje. Nilimngoja aseme. Hakulitaja joto. Alikunja mikono ya blauzi yake.

"Jikoni ni wapi?" aliuliza. "Jioni ya leo napika mimi."

Nikamshika mkono, nikampeleka.