Bihogo Iko Muzima

Mume wangu Sebagabo hakuua kampuni. Naanza na hilo kwa sababu hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, watu huanza na lile lingine, nami nimechoka kungoja zamu yangu ya kusema.

Alizaliwa Kongo, juu milimani, upande wa Minembwe, katika nyumba ya ng'ombe. Shule alisoma kidogo, kama mimi. Magari aliyajulia mjini Uvira, alikokuwa akishusha ng'ombe wa baba yake kwa wachinjaji, na badala ya kurudi nyumbani upesi akawa anakaa karibu na madereva, akiwachotea maji ya rejeta hadi wakamwachia usukani. Baba yake alilia. Alisema mtoto ameacha kitu chenye roho kwa ajili ya bati. Lakini vita vilipokuja mwaka 1998, ng'ombe waliliwa na wenye bunduki, na lile bati ndilo lililotulisha.

Tulipofika Nakivale alianza kwa kupakia na kupakua mizigo mjini Mbarara. Baadaye akawa taniboi, yule msaidizi anayepanda na dereva, na mwishowe akapewa gari lake katika kampuni ambayo sote tuliiita Kampuni ya Pembe. Jina lake la karatasini lilikuwa jingine, lakini kila mlango wa gari ulichorwa pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole. Walibeba mahindi na maharage ya Isingiro, saruji, mabati, na mara nyingine chakula chetu sisi wakimbizi. Vijana wengi wa huku walipata kazi pale.

Gari alilopewa lilikuwa jekundu lililokolea. Akaliita Bihogo, jina ambalo sisi tunampa ng'ombe wa rangi hiyo. Bosi, Mnyankole na mfugaji, alifurahi kupita kiasi. Kila asubuhi akiingia yadi aliita kwa sauti, "Sebagabo! Bihogo iko muzima?" Naye alijibu, "Iko muzima, Bosi." Ikawa salamu ya yadi nzima. Madereva, wapakiaji, hata mama aliyeuza chai getini, ukiwauliza "Bihogo iko muzima?" hawakukuambia habari zao kwanza. Walijibu, "Iko muzima." Ukiwa mtu wa Pembe, ulijibu hivyo hata usingizini.

Siku zile nilidhani tumepata mahali. Lakini mimi ni mtu wa kuangalia. Niliona mume wangu anarudi akiwa amenyamaza. Niliona vidole vyake vina alama za waya, kwa sababu vipuri havinunuliwi tena, kila kitu kinafungwa kwa waya. Tairi zimekuwa vipara. Wakati huohuo, pale mjini Mbarara, Bosi alikuwa anapandisha hoteli, ghorofa juu ya ghorofa, na kila mara simenti ya ghorofa ililetwa na Bihogo.

Tairi moja ikapasuka mteremkoni, njia ya Kabale. Si ya Bihogo, ya gari jingine. Aliyekufa ni Joël, taniboi wa miaka mingi, mtu wa kwaya, baba wa watoto. Bosi alitoa jeneza na ng'ombe wa kuchinja. Tairi hakutoa.

Baada ya maziko ndipo madereva na wapakiaji walipoingia kwa wingi kwenye chama cha wafanyakazi, wakamchagua Sebagabo awasemee. Bosi alikuja mwenyewe hadi kwenye mlango wa Bihogo. Sebagabo aliniigizia maneno yake jikoni, na sikucheka.

"Wewe Sebagabo, mimi na wewe watu ya ng'ombe. Sasa yunioni ya nini? Mtu ya ng'ombe anaenda leta watu ya Kampala ndani ya boma yake?"

"Bosi, ng'ombe mwenye kwato mbovu unamutuma safari?"

"Unanifundisha ng'ombe?"

"Hapana, Bosi. Nakuomba tairi."

Tairi hazikuja, wakaweka kazi chini. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo jina la mume wangu lilipoharibika.

Sisi Wakongomani kuacha kazi hivyo tunaita grève. Kila mtu anajua grève, hata bibi asiyejua kusoma. Lakini yule katibu wa chama, aliyetoka mjini na viatu vya ncha, aliwafundisha neno la Kiswahili cha pwani: mgomo. Sebagabo alilipenda. Alilitembeza mdomoni kama peremende. Nilimwambia, "Baba Yonatani, sema grève." Akasema, "Grève ni ya bazungu, ya Babeleji. Sisi tunagoma."

Jumapili akasimama kanisani, wakati wa kuomba maombi. "Bapendwa, mutuombee. Tumegoma. Na mimi ndiye naongoza bale benye kugoma."

Kwa lugha yetu ya nyumbani kugoma ni kuasi. Mwenye kugoma, umugome, ni mwasi, na zaidi ya mwasi, ni mtu mwenye moyo wa ukatili. Mbele yake walikaa watu waliotembea miguu kutoka milimani kwa sababu ya waasi. Nyirabahire, muuza mafuta ya mawese pale Base Camp, soko letu la kambini, alishika kitambaa cha kichwa kana kwamba upepo unataka kukichukua.

"Ameasi?" aliniuliza nje. "Ameasi serikali ya nani? Hii iliyotupa fasi ya kulala?"

"Ni grève, mama. Tairi tu."

"Amesema kwa kinywa chake, Mama Yonatani. Mbele ya Mungu."

Alipomaliza kupima mafuta yake siku ile, Base Camp yote ilijua. Sebagabo alicheka. Alisema watu watazoea.

Mgomo uliangukia majira ya mavuno, nasema ukweli wote, siufichi. Mahindi yalikaa maghalani, wenye mizigo wakatafuta magari mengine. Bosi akaleta pendekezo: mshahara upungue, tairi zisubiri, kampuni ipone. Wakapiga kura kwa mikono pale kwenye geti. Walikataa. Katibu akasema ataenda kuzungumza. Alizungumza katika hoteli ya Bosi, huku wakila nyama choma, akarudi na kusema wakubali, kisha simu yake ikawa haipatikani mpaka leo. Halafu, asubuhi moja, geti lilifungwa kwa mnyororo, yadi tupu. Bosi akiwa amesimama nje, mkono kiunoni, akawaambia mbele ya wake zao: "Kampuni nani ameua? Ni nyinyi. Ni yunioni. Muulize Sebagabo!"

Basi, mwasi akawa muuaji. Neno lilikuwa tayari, likingoja tu mtu wa kulimalizia. Nikienda bombani, wanawake walivuta ndoo zao karibu. "Pisha muke wa umugome apite." Kijana mmoja aliyekuwa mpakiaji alimtemea mume wangu mate karibu na kiatu. Hakuna kampuni Mbarara iliyomtaka. Yeye aliyefika Kigali na Juba kwa usukani, akawa analima maharage katika shamba la mawe.

Na mimi nilikuwa nauliza, bado nauliza: kwa nini hakuna aliyekwenda kutema mate kwenye ngazi za ile hoteli? Kwa nini hakuna aliyemtafuta katibu na viatu vyake? Nitawaambia. Hoteli ina askari, na Sebagabo hana. Watu humlaumu yule ambaye mkono wao unamfikia.

Siku moja tulikuwa sokoni Rwekubo, tukitafuta mbegu. Lori la buluu likapita taratibu kwenye matuta. Sebagabo aliweka gunia chini.

"Ni yeye," akasema.

"Nani?"

"Bihogo. Sikia kifua."

Mimi sina masikio ya magari, lakini macho ninayo. Jua lilipiga mlango kwa ubavu, na chini ya ile rangi ya buluu niliona pembe. Zilikuwa zimevimba kidogo, kama kovu chini ya shati. Mume wangu alisimama barabarani kama mtu aliyemwona ng'ombe wake katika zizi la jirani.

Tulifuatilia. Magari yote yalikuwa hai, upande wa pili wa Mbarara, kwa jina la shemeji ya Bosi. Hakukuwa na chama pale. Dereva alichukuliwa kwa siku, akifungua mdomo, kesho asirudi. Na pale getini, katika koti la askari, alikuwa Musoni, mpakiaji wa zamani wa Pembe, jirani yetu wa Nakivale. Nyumbani watu walijua ni askari wa yadi fulani mjini. Yadi ipi, hakuwahi kusema. Nilitaka kupiga yowe sokoni Base Camp. Sebagabo alinishika mkono.

"Musoni iko na batoto. Acha."

"Na sisi tuko na nini? Na mbuzi?"

"Acha, Mama Yonatani."

Nikaacha. Nilimeza, na kilichomezwa kikakaa.

Halafu Yonatani wangu, kifungua mimba, kati ya wasichana wote wa Nakivale, akampenda Umwiza, binti wa Musoni. Nilimwambia atafute mwingine, hata kule Ngarama. Akasema, "Mama, ni yeye ao hapana." Msichana mwenyewe alikuwa mzuri wa tabia, akinisalimia kwa mikono miwili wakati wenzake wananipisha njia. Sikuweza kumkataa.

Tukaenda kuposa. Kwetu baba wa kijana hasemi siku hiyo. Anakaa, anainamisha kichwa, na msemaji anamwombea. Msemaji wetu alikuwa pasta Elisée. Njiani alimwambia mume wangu, "Ukitukanwa, cheka. Ni mchezo. Mutoto atakosa muke kwa sababu ya mudomo yako." Yonatani alitembea nyuma yetu, shati limemganda mgongoni kwa jasho, na nilijua wakimkataa leo hatauliza mara ya pili.

Msemaji wao, mzee Bonaventure, kaka mkubwa wa Musoni, ulimi wake ulikuwa mkali na watu walimpenda kwa huo. Alitucheleweshea viti. Alisema hatujui, labda tumepotea njia ya sokoni. Watu walicheka, na sisi tukacheka. Kisha akageuza fimbo yake, akamwelekezea Sebagabo.

"Pasta, tunasikia katika nyumba yenu iko umugome. Aliua kampuni muzima, magari yote. Sasa huyu mutoto wetu mumoja, si atamumaliza kabla hata soupe haijaiva?"

Walicheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa na meno. Pasta Elisée akainuka, akakunja mikono. "Mzee, yaliyopita tunaomba radhi. Baba Yonatani anaomba radhi..."

"Siombi," akasema Sebagabo.

Nilivuta koti lake. Wanawake walishika midomo. Bonaventure alishusha fimbo polepole, na uso wa mchezo ukamtoka.

"Basi mwende nyumbani," akasema. "Binti hatutoi kwa nyumba isiyojua kuomba radhi."

Yonatani alikuwa ameinamisha kichwa hadi kidevu kimegusa kifua. Sebagabo alisimama. Hakumtazama Bonaventure. Alimtazama Musoni, aliyekuwa amekaa nyuma ya ndugu yake na gilasi ya maziwa mkononi, na akamwita kwa sauti ileile ya asubuhi, sauti ya yadi.

"Musoni! Bihogo iko muzima?"

"Iko muzima," akajibu Musoni.

Lilimtoka kabla hajalikamata.

Bonaventure aligeuka. "Bihogo gani? Ile gari ya Pembe?"

Musoni akainamia gilasi yake.

"Nauliza, ndugu yangu. Wewe ulituambia magari yalikufa kwa sababu ya huyu. Sasa iko muzima fasi gani?"

"Mbarara," akasema Musoni chini chini. "Kwa shemeji ya Bosi. Mimi ndiye nafungua geti."

"Yote?"

"Yote. Balipaka tu rangi."

Hapo nikasimama. Mwanamke hasimami siku ya posa, lakini nilikuwa nimeshasimama, na sikuona sababu ya kukaa tena.

"Musoni, siku ya kura pale getini uliinua mkono ao haukuinua?"

"Niliinua, Mama Yonatani."

"Ulijua mgomo ni grève?"

"Nilijua. Sote tulijua."

"Na walipomuita umugome, wewe uliyejua, ulisema nini?"

Alitazama maziwa yake. "Balinipa kazi kwa sharti nitaje aliyenidanganya nigome. Niko na batoto. Nilimutaja Baba Yonatani. Halafu huku nyumbani bakauliza tena, nikashindwa kusema vingine."

Nyuma ya wanawake sauti ya Nyirabahire ilisikika, amekasirika kweli, "Kumbe ni grève? Sasa kwa nini hakusema grève?" Wengine wakacheka. Mimi nilitaka kumrushia kiti.

Bonaventure alipangusa kichwa cha fimbo. Kisha akasema, bila mchezo, kwamba msichana ametolewa, na kwamba habari za ng'ombe wa mahari zitazungumzwa siku nyingine, kwa sababu leo upande wao hauna uso wa kuomba ng'ombe. Yonatani alilia mbele za watu. Sebagabo alikaa chini, akaniambia kwa sikio, "Sasa cheka, Mama Yonatani. Ni mchezo." Sikucheka.

Umwiza yuko nyumbani kwangu sasa, na mtoto wake mgongoni kwangu nikilima. Mume wangu bado ni mkulima wa mawe. Hakuna aliyekuja kumwambia tulikosea. Wameacha tu kumwita lile jina, kama mtu anavyoacha kuvaa nguo iliyochakaa. Nikipita Mbarara naiona hoteli, na juu ya mlango wake wamechora pembe, kubwa, za dhahabu.

Musoni huja kumwona mjukuu. Namkaribisha, maana ni mkwe. Namletea maziwa, nasimama mpaka amalize. Juzi alirudisha gilasi, akaniuliza kwa upole, "Mama Yonatani, ile hasira yako, bado?"

"Iko muzima," nikamwambia.