Tundu la Chini katika Gari la Binti Yangu

Yanasemwa mengi hapa Masasi kuhusu gari la binti yangu, na karibu yote si kweli. Husemwa hita ililipuka. Haikulipuka. Husemwa mama mkubwa wake alirogwa. Hakurogwa. Husemwa pia kwamba mimi, afisa afya mstaafu, ndiye niliyemwokoa, na uongo huu ndio unaonikera kuliko yote, kwa sababu unanivisha sifa ya mtu mwingine. Katika utumishi wangu wote sikutia sahihi jambo nisilolishuhudia. Sitaanza uzeeni.

Binti yangu ni fundi wa mashine za kupulizia salfa. Kila kipupwe, mikorosho inapohitaji dawa, mashine hizo huharibika shambani, mbali na karakana yoyote. Badala ya kungoja wakulima wazibebe hadi mjini, alinunua gari lililokwisha kutumika, lenye kitanda, jiko dogo na hita ya gesi, akawa anawafuata huko huko: Mnyambe, Makote, hadi mashamba ya upande wa Tandahimba. Hulala humo humo. Anayeuliza hita ni ya nini katika nchi ya jua, na aje Newala mwezi wa saba, asubuhi ukungu unapopanda kutoka bonde la Ruvuma, akae nje na shati moja.

Mjomba wake, yaani kaka mkubwa wa mke wangu, hakulipenda gari hilo tangu mwanzo. Kwetu neno la mjomba lina uzito kuliko la baba, nami siipingi mila. Alisema mtoto wa kike hawezi kulala porini peke yake "ndani ya bati lenye moto." Mwishowe akakubali kwa sharti: dada yake, yaani huyo mama mkubwa, afuatane na binti, na likitokea jambo lolote, gari liuzwe.

Nilikuwepo siku binti alipomfundisha mama mkubwa wake taratibu za hita, na napenda ijulikane kwamba alimfundisha vizuri. Hita huwashwa mtu akiwa macho, dirisha likiwa wazi kidogo. Kabla ya kulala huzimwa, na mtungi hufungwa. Mtungi wenyewe husimama wima katika sanduku lake linalofunguliwa kwa nje. Maungio ya mpira wa gesi hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa njiti ya kiberiti. Ukutani palikuwa na kengele ndogo inayolia hewa ikiingia sumu. Kisha akamwonyesha matundu mawili, moja darini, jingine sakafuni karibu na mlango.

"Hili la chini usilizibe, mama mkubwa. Gesi ikivuja ni nzito, inashuka. Itatokea hapa. Na hewa safi ya kuulisha moto inaingia hapa hapa."

"Na baridi je?"

"Nayo inaingia."

"Basi mwanangu, baridi mimi naijua. Hiyo gesi yako hatujatambulishwa."

Tulicheka. Lakini jibu hilo nilikuwa nalifahamu. Nilizunguka vijiji vya wilaya nzima nikihimiza kila nyumba iwe na madirisha yanayotazamana, hadi nikaitwa Bwana Madirisha, na kila mlango nilipewa jibu la namna hiyo. Sisemi haya kwa dharau. Katika nyumba za udongo tulimokulia, moto wa kuni uliwaka katikati na moshi ukajipenyeza kwenye nyasi za paa bila kuombwa. Mtu aliziba chini ya mlango kwa gunia, akalala, akaamka mzima. Bati halina nyasi.

Asubuhi ya tukio nilikuwa Makote, nimewapelekea mihogo. Wapuliziaji walikuwa wametoka mashambani, nyusi za manjano kwa salfa, wamemzunguka binti na mashine iliyokataa kuwaka. Mama mkubwa alikuwa ndani ya gari akiota joto, redio ikiimba. Nilikuwa naeleza jambo, nadhani kuhusu vyoo, binti aliponikatiza, kitu ambacho hakijawahi kuwa desturi yake.

"Samahani, baba. Vioo vimetoka jasho."

Kabla sijageuza shingo alikuwa ameshafungua milango yote miwili, amezima hita na kumshika mama mkubwa kwapani. Alimtoa yeye. Mimi nilifika kushika miguu.

"Niacheni," mama mkubwa alisema, ulimi mzito. "Usingizi wenyewe mtamu." Kisha akashika kichwa, akatapika kwenye nyasi.

Binti alifunga mtungi, akaliacha gari wazi lipate hewa. Ndipo tulipoona. Tundu la dari lilikuwa limezibwa kwa gunia tupu la salfa, la chini kwa kitenge kilichokunjwa vizuri kabisa. Kengele ilikuwa kimya. Betri zake zilikuwa ndani ya redio.

Tulimpeleka hospitalini Newala, akawekewa oksijeni, akapona. Mjomba akaita kikao nyumbani kwake. Binti aliingia, akapiga goti, akasema shikamoo, akakaa kwenye mkeka bila kujitetea. Nilijua gari hilo lilikuwa kazi yake yote.

"Sharti ni sharti," mjomba alisema. "Gari liuzwe."

Mama mkubwa akajifunga kitenge upya, kile kile.

"Kaka, aliyeziba ni mimi. Ukiuza, uniuze mimi."

"Nani atakununua?"

"Ndiyo maana uliache gari! Mtoto alinionya, nikasema ni mtoto. Kikengele kinalialia kama kifaranga, nami redio imenifia. Angechelewa kidogo tu, leo mngekuwa mnakula ubwabwa wa msiba wangu hapa."

Mjomba akanigeukia. "Nawe, shemeji, Bwana Madirisha? Wanasema ulimwokoa wewe."

Nilisimama, kama nilivyozoea kusimama nikitoa taarifa. Nilisema jasho la vioo lilikuwa mbele ya macho yangu kama lilivyokuwa mbele ya macho ya binti, na aliyelisoma, akajua hewa imefungwa, ni yeye. Nilisema nimehubiri hewa maisha yangu yote, na mtu mmoja aliyenisikiliza hadi mwisho amekaa pale mkekani. Nikaketi.

Mjomba akataka kuliona hilo tundu. Tulitoka sote hadi uani lilipoegeshwa gari. Alipanda garini, akatua mfuko wake mlangoni, akazungusha macho akilitafuta.

"Kaka!" mama mkubwa alifoka kutoka nje. "Mfuko! Umelikalia tundu!"

Aliuondoa haraka, akainama, akaweka kiganja pale. Upepo wa bondeni ulikuwa unaingia.

"Baridi kweli," alisema. Kisha akamwambia binti yangu, "Wakulima wa Mnyambe wanakusubiri. Nenda."