Wameshanililia Matanga, na Bado Napumua

Admin, ficha jina langu na kikosi changu, lakini maneno usiyapunguze. Mimi ni askari, nina miaka thelathini na mmoja, kwetu ni kijiji cha ndani sana mkoani Tshopo. Huu ni mwaka wa nne niko hapa Beni. Ninyi mnaosoma, jueni kwamba anayewaandikia ni marehemu.

Sifanyi mzaha. Kijijini kwetu mtandao unashika juu ya kilima kimoja tu. Kila Jumapili baada ya misa mama yangu alipanda pale na mjomba, mwenye simu, nami nikapiga kutoka Beni. Hata akikosa la kusema, alinihesabia kuku wake. Sasa, sisi tukiingia msituni hatubebi simu. Unamwachia mwenzako anayebaki. Nikamwachia rafiki yangu. Siku chache baadaye akatumwa Butembo, gari likapinduka njiani, akafa, Mungu amrehemu. Msamaria mmoja akakuta simu yangu mfukoni mwake, akatafuta namba ya mjomba niliyoiandika MAMA, akapiga: mwenye simu hii amefariki, poleni sana. Alitenda wema, na wema huo ndio ulionizika.

Nilitoka msituni baada ya wiki sita, matanga yamekwisha. Nguo zangu zimegawanywa. Mtoto mchanga wa dada yangu amepewa jina langu. Nikampigia mjomba kwa namba mpya.

"Noko, ni miye! Niko muzima!"

"Mutoto yetu alisha kufa," mjomba akasema. "Peleka bongo yako, uongo yako, kwa bengine." Akakata.

Matapeli wa simu wamewaliza wengi, kwa hiyo simlaumu sana. Nikapiga tena, nikamwomba dada aniulize swali lolote. Akauliza siku nilipoondoka mama alinifungia nini kwenye kitambaa. Nikajibu: karanga za kukaanga na chumvi kidogo. Nikamsikia analia. Mjomba akamnyang'anya simu: "Hayo marehemu alielezea barafiki yake, na bao ndio bako na simu!" Nikatuma picha kupitia mfanyabiashara wa Kisangani. Jibu la mjomba likaja: "Picha? Hata bafu, batu balisha kufa, bako na picha."

Nilicheka, kisha nikakaa chini nikalia kama mtoto. Sioni aibu kusema.

Jumapili iliyopita mama mwenyewe alishika simu.

"Kama ni weye, kuja," akasema. "Sauti tu, hapana. Mupaka nishike kichwa yako na mikono yangu, nguo nyeusi sitavua."

Kwetu mama anayemlilia mtoto halali kitandani. Mama yangu ana presha, miguu imevimba, na dada anasema bado analala chini mpaka leo. Nilimweleza kamanda wangu, nikaomba ruhusa ya wiki mbili.

"Mama yako alisha kulia, amemaliza," akasema. "Donc, sasa shida iko wapi? Rudia ku position."

Wenzangu wananiambia subira huvuta heri. Heri gani? Miaka minne nimeshika bunduki ili mama za watu wa Beni na Kalunguta walale kwenye vitanda vyao. Wangu analala chini kwa ajili ya mtu mzima wa afya, anayekula fufu kila siku! Sikubali. Walioniua hawakuniuliza, na mimi kufa sijakubali. Huyo mtoto alitumie jina langu, nampenda, lakini mwenyewe sijalimaliza.

Nikiondoka bila karatasi ya ruhusa, ni mtoro, na mtoro anafungwa. Nikibaki, naogopa mama atakufa kwa kumlilia mtu aliye hai, na hapo nitakuwa mimi niliyemuua. Msiniandikie nivumilie, hilo nimeshalisikia. Jumapili nitapiga tena, wapokee wasipokee. Ila niambieni kweli, ndugu zangu: niende nikafungwe nikiwa hai, au nibaki kazini nikiwa marehemu? Nishaurini, nifanye nini?