Ile Sentensi ya Maziwa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mwingi, nilivaa koti la marehemu baba, mikono yake ikinifika vidoleni. Msimamizi wa elimu ya watu wazima alinitazama, akauliza, "Wewe ndiye mwalimu ama umekuja kuandikishwa?" Nilikuwa nimeishia kidato cha pili. Akanipa chaki na ubao uliopasuka pembeni, akasema, "Watu wazima hawafundishwi kwa fimbo. Wafundishe kwa mambo yao. Mwenye mbuzi, sentensi yake iwe ya mbuzi."

Shauri hilo nilitembea nalo kazi yangu yote. Madarasa yetu yaliitwa ngumbaru, shule ya wakubwa waliokosa masomo utotoni. Mwingi nilifundisha watu kuandika majina yao. Kathonzweni tulisomea kanisani, na hesabu zetu zilikuwa za pojo na mbaazi. Mwisho nilihamishiwa Kwa Vonza, ambako wafanyabiashara wa soko waliomba Kiingereza.

Kuna somo moja la Kiingereza hicho ambalo hadi leo linaniinamisha kichwa. Ni namna ya kueleza yanayosemwa au kuaminiwa bila kumtaja msemaji. Nilimtumia Musembi, mmoja wa wanafunzi wangu, kama mfano. Unaanza na "it": "It is said that Musembi is rich." Inasemekana kwamba Musembi ni tajiri. Kisha unamvuta Musembi mbele, "that" inaondoka, kitenzi kinashika "to": "Musembi is said to be rich." Kama jambo limekwisha kutendeka, unaweka "to have": "Musembi is said to have sold his goat." Inasemekana kwamba Musembi aliuza mbuzi wake.

Mama Nduku, muuza maziwa, alikuwa akiketi mbele. Akainua mkono.

"Mwalimu, imesemwa na nani?"

"Haijulikani, mwaitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kikamba. "Kiingereza hakidai."

"Basi hicho ni Kiingereza cha wachongezi. Kwetu ukileta neno mbele ya wazee, unaulizwa umelitoa kwa nani. Usipomtaja mtu, neno ni lako."

"Wewe andika tu kwamba nimeuza mbuzi," akadakia Musembi, "bora mke wangu asijifunze kusoma!"

Tulicheka sote.

Wiki iliyofuata alikuja afisa wa elimu wa wilaya kutukagua. Nilitaka aone kazi yangu. Nikamwita Musembi ubaoni, nikamwambia atumie "believed", yaani inaaminika. Alimtazama Mama Nduku kwa utani, akaandika polepole: "Mama Nduku is believed to have put water in the milk." Inaaminika kwamba Mama Nduku ametia maji kwenye maziwa.

Darasa likaangua kicheko. Mama Nduku hakucheka, wala hakumtazama Musembi. Alinitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "wewe si unakunywa maziwa yangu?"

Nilikuwa nikiyanywa kila asubuhi. Yalikuwa mazito, yakifanya utando juu ya chai. Lakini afisa alikuwa akipiga makofi. "Safi sana! Hiyo 'to have' imekaa mahali pake." Nikachukua chaki, nikatia alama ya vyema.

"Ni mfano tu, mwaitu," nikasema. "Ni sarufi."

Tulikuwa tukisomea katika ukumbi wa soko, na siku hiyo nilimsindikiza afisa bila kufuta ubao. Watoto wa shule wakaisoma sentensi, wakawafasiria mama zao. "Inaaminika" ilianguka njiani. Iliyofika kwa wateja ilikuwa fupi: Mama Nduku hutia maji.

Mtungi wake ukaanza kurudi nyumbani umejaa. Hakurudi darasani, na baadaye hakuonekana hata sokoni. Musembi alikwenda kwake na mbuzi, akaomba msamaha. Mimi sikwenda. Nilijiambia kwamba nilisahihisha sarufi, sikusahihisha maziwa. Afisa alinisifu mbele ya walimu wenzangu, nami nikapokea sifa hiyo kwa mikono miwili.

Sasa nimestaafu, na Mama Nduku tulimzika juzi. Mjukuu wake, binti aliyesoma, alisoma wasifu kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni: "She is said to have been the first woman to sell milk in this market." Inasemekana alikuwa mwanamke wa kwanza kuuza maziwa katika soko hili. Hapakuwa na kosa hata moja. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Si ndiye yule wa maji?"

Mchungaji akauliza kama kuna jirani mwenye neno. Nikasimama.

"Maziwa ya mama huyu hayakuwahi kuwa na maji," nikasema.

"Nani amesema, mwalimu?" akauliza mzee mmoja. Hakuuliza kwa ubaya, ndivyo tunavyoulizana.

"Mimi. Niliyanywa kila siku. Na siku ile ubaoni nilijua, nikanyamaza."

Tulipomaliza kufukia kaburi, yule binti alinifuata, mikono yake bado ina udongo.

"Asante, mwalimu," akasema. "Nyanya alikungoja uje useme hivyo."

Sikumuuliza amelitoa kwa nani neno hilo. Nilijua.