Pawa Saplai Iliyopimwa kwa Kiganja

Baba yangu alinunua dhahabu kwa miaka mingi. Mizani alikuwa nayo, ila aliitoa ili kumridhisha muuzaji tu, kwa sababu yeye alikuwa ameshamaliza kupima kwa kiganja. Wachimbaji wadogo wa Kewanja walimwekea kipande mkononi, anafumba macho, anakitikisa kidogo, halafu anasema hiki kimechanganywa na shaba, rudi nacho. Sisi Wakurya baba tunamwita tata, na pale kijijini kwetu Nyamwaga hata wasio ndugu zetu walisema mkono wa tata yule haudanganywi. Sifa hiyo aliipenda mno, na mimi ilinichosha.

Wakati huo dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Kaka zangu walikuwa kwenye maduara, yaani yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na kila aliyepita kwetu habari yake ilikuwa mawe ya dhahabu. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Musoma na cheti cha kompyuta. Nilitaka kuunda kompyuta ya mezani kwa mikono yangu, niiweke chumba cha mbele, niwachapie walimu mitihani na kanisa ratiba zake, maana mtu akitaka ukurasa mmoja ilibidi apande gari mpaka Tarime mjini. Watu walinicheka. "Wenzako wanashusha ndoo shimoni, wewe unakaza skrubu!" Nami mdomo ninao, niliwarudishia kila neno na chenji.

Aliyenitisha ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa ameolewa Migori, upande wa Kenya, na ana duka la kuchapa na kutoa kopi. Siku aliyokuja kututembelea alisema mbele yangu kwamba ananitaka nikafanye kazi kwake. Baba, bila hata kuniangalia, akamjibu, "Rudi tukishavuna mahindi. Kama hilo boksi lake halijawaka, mchukue."

Jamani! Niliumia. Mama alikuwa ameshafariki, kaka wako Kewanja, nyumbani tumebaki wawili tu, na yeye ananitoa kama kuku wa mgeni. Nilipapenda kwetu. Nilipenda migomba yetu, nilipenda hata ukimya wa baba. Lakini sikumwambia, nikaenda kuosha sufuria kwa kelele mpaka shangazi akauliza kama nazifua au nazipiga.

Vifaa tulivifuata Sirari mpakani, kwenye duka la vitu vilivyotumika. Baba aling'ang'ania tuende wote. Mazabodi, ule ubao mkuu ambao kila kifaa kingine huchomekwa juu yake, niliichagua mwenyewe, wala sikuharakishwa. Niliangalia vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme kama vichwa vyake viko bapa, maana vikivimba kama tumbo la mtoto mwenye minyoo, bodi imekwisha. Niliangalia sindano za pale prosesa inapokaa kama zimesimama sawasawa. Nilizikataa nyingi mpaka muuzaji akaanza kupumua kwa nguvu.

Ikaja zamu ya pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Baba akasogea. "Hapa niachie." Akashika moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto, akafumba macho katikati ya duka. Muuzaji akanitazama, nikatazama dari. "Chukua hii," baba akasema. "Hii ina kitu ndani."

Nami nilikubali, tena kwa moyo mweupe. Hata chuoni tulifundishwa kwamba pawa saplai nyepesi uiogope, ndani yake hamna shaba ya kutosha. Kwa mara ya kwanza mimi na baba tulikuwa na elimu moja. Tulirudi Nyamwaga tukiwa na furaha, yeye kaipakata ile pawa saplai njia nzima, hataki niibebe.

Nikaunganisha kila kitu, nikabonyeza. Feni ikazunguka, taa ikawaka, nikapiga kigelegele. Kabla sijakimaliza, tii! Ikazima. Ikajaribu kuwaka tena yenyewe, ikazima tena.

Nilianza kutafuta ugonjwa. Nilichomoa ramu, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu, nikazisugua miguu kwa ufutio, nikarudisha moja moja. Nikaitoa mazabodi nzima kwenye keisi, yaani kasha lake, nikailaza juu ya katoni, isije ikawa inagusa chuma mahali. Nikachomoa diski. Hapo ikakaa imewaka muda mrefu kidogo, kisha ikafa. Pawa saplai nayo niliipima kwa njia tunayoijua mafundi wote: unaitenga peke yake, unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Feni yake ikazunguka vizuri kabisa. Basi nikasema, nzima hii, mgonjwa ni bodi. Bodi niliyoichagua mimi mwenyewe kwa maringo yote yale!

"Tuifungue hii pawa saplai yako tuone," nilimwambia baba siku moja, maana nilikuwa nimeishiwa mbinu.

"Hiyo haina kosa," akasema. "Ukichana stika ya muuzaji hataipokea tena. Tena mkono wangu ulishaipima. Tafuta huko kwenye ubao wako."

"Tata, mkono wako unajua dhahabu, haujui umeme!"

Akaamka, akaenda kwenye ng'ombe. Nililia. Nililia kwa sababu mahindi yalikuwa yameshakauka shambani, na nilikuwa na hakika kwamba baba ananisubiri nishindwe ili anitoe nyumbani apumzike.

Tukavuna. Shangazi akafika mchana, na mfuko mkubwa. Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu. Akanywa uji, akaniangalia macho yalivyovimba, kisha akafungua mfuko akatoa pawa saplai kuukuu, yenye vumbi, ya kwenye duka lake. Nilipoishika niliona ni nyepesi kuliko ile ya baba.

"Si ujaribu na hii kwanza," akasema. "Hata kama ni kuondoka, uondoke ukijua shida ilikuwa wapi."

Niliifunga. Nikabonyeza. Ikalia ule mlio mmoja mfupi, ambao ukiusikia unajua mambo yote yamekubali, na maandishi yakajaa kwenye skrini. Nikasubiri izime. Haikuzima. Nikarudisha diski, nikarudisha ramu zote, bado iko vilevile. Bodi yangu ilikuwa nzima siku zote! Nilimrukia shangazi mpaka kilemba kikamwanguka.

Ile nzito tukaifungua palepale. Ndani, kwenye kona moja, kulikuwa na bamba la chuma limegandishwa kwa gundi, halikuungana na waya wowote. Lilikuwa la kuongeza uzito tu. Vifaa vyenyewe vilikuwa vichache na vidogo, vinaweza kuzungusha feni yake lakini vikibebeshwa mazabodi na diski vinakata tamaa. Baba alisimama mlangoni. "Kumbe," akasema. "Wezi hawa." Kisha akakumbuka kwamba ana ndama wa kumwangalia.

Nilimsindikiza shangazi barabarani kusubiri gari la Tarime. Nilikuwa na raha mpaka naona haya, nikamwomba msamaha kwamba sitakwenda Migori.

"Shangazi, ulijuaje uje na pawa saplai?"

Akacheka peke yake. "Niliambiwa nisiseme. Lakini wacha niseme. Babako alinipigia simu alfajiri ya leo, ati ameamka akaitikisa ile kitu, uzito wote umelala upande mmoja."

"Baba? Aliniambia haina kosa!"

"Kwako angesemaje? Akaniambia, 'Dada, mkono wangu umedanganywa. Nimeuziwa chuma. Njoo na nzima, usimwambie mtoto.' Mimi nikamuuliza, si ulisema nimchukue? Akasema, 'Akiondoka huyu, nani ataniamkia asubuhi?' Sasa mimi ningefanya nini? Nilikutaka kwa duka langu, lakini ungesikia hiyo sauti."

Gari likaja, likamchukua. Nilirudi nyumbani nikikimbia, mtu mzima mimi, na waliokuwa wanapukuchua mahindi uani kwao wakauliza kuna msiba gani. Nilimkuta baba amekaa chumba cha mbele, mikono magotini, anaitazama kompyuta.

"Shikamoo, tata," nikasema, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

Alinitazama kidogo, akaelewa kwamba dada yake hana siri.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya, vuta kiti."