Kokoto nililotia kwenye kopo: nilivyomtoa Salim kwenye klabu ya sataranji

Salaam wakuu, wazee kwa vijana.

Shule yangu iliishia darasa la nne, na sijui kama haya yatamfaa mtu. Ila ni ya kweli. Nisipokumbuka, nitasema sikumbuki. Mengine nayatoa kwenye daftari langu la siku zile.

Miaka ya arobaini, vita vikubwa vimekwisha, tulikuwa na klabu ya sataranji hapa Chake. Watu tisa, ubao mmoja. Tukikutana Ijumaa baada ya alasiri, barazani kwa Bwana Jivan, muuza nguo.

Mwenyekiti Mzee Faki. Katibu mie, kwa sababu ya mwandiko tu. Kucheza nilikuwa wa kufungwa.

Kanuni zilikuwa sita. Ya nne ndiyo iliyoniumiza: asiyefika Ijumaa tatu mfululizo, na neno lake lisitufikie kabla ya ile ya tatu kwisha, apigiwe kura.

Kura zetu zilitiwa kwenye kopo la chai. Karafuu, abaki. Kokoto, atoke. Katibu hapigi, ila kura zikilingana, naye hutia yake mbele ya watu wote.

Salim alikuwa rafiki yangu. Tulitiwa jandoni siku moja, akiniita pacha. Kete zote alizichonga yeye, kwa mti wa mfenesi. Farasi mmoja alikuwa na sikio lililokatika.

Mwaka ule karafuu zilizaa sana. Salim akaenda kwao Konde kuchuma. Ijumaa ya kwanza hayupo. Ya pili hayupo. Ya tatu hayupo.

Jumamosi akaja dereva wa gari la abiria na salamu zake: bado yuko shamba, asikatwe jina. Dereva akaapa kwamba aliagizwa tangu Alkhamisi, gari ndilo lililomharibikia njiani.

Nikaisoma kanuni tena na tena. Ilisema neno litufikie. Haikusema litumwe.

Ijumaa iliyofuata tukapiga kura. Karafuu tatu, kokoto tatu.

Lazima niseme pia: miezi miwili nyuma tulimtoa Juma, mchukuzi wa Wesha, kwa kanuni ileile. Siku ile mmoja wetu alikuwa mgonjwa, kura zikalingana, na iliyomtoa ilikuwa yangu. Naye alikuwa na sababu yake.

Bwana Jivan akaniuliza taratibu, "Juma katoka. Au kanuni ni ya wachukuzi peke yao?"

Hakukosea, wakuu. Hadi leo siwezi kusema alikosea.

Nikatia kokoto.

Salim aliporudi nilimsomea daftari mwenyewe, sikutaka asikie kwa wengine. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umetenda haki, Bwana Katibu."

Pacha sikuitwa tena.

Sasa, kanuni ya sita ilimruhusu aliyetolewa kurudi, mradi alete ombi la maandishi. Salim hakujua kuandika. Barua zake zote nikimwandikia mie.

Nikaiandika. Jina lake, maneno ya adabu, na chini nikaacha nafasi ya dole gumba. Nikaitia mfukoni kila Ijumaa, nikingoja aje aniombe.

Hakuja. Na mie sikwenda. Nilijiambia katibu hapeleki maombi, hupokea.

Kisha nikasikia amevuka bahari kwenda Tanga. Huko ndiko alikofia, nasikia. Hilo sina hakika nalo.

Klabu ikafa. Kete zilipotea, sijui kwa nani. Barua ninayo, karatasi imekuwa rangi ya chai. Kila Ijumaa ikisha alasiri hujikuta nasikiliza barabarani, kama kuna atakayeniita pacha.

Nililojifunza ni dogo. Kanuni ilitaka neno litufikie. Haikumkataza katibu kupanda gari mpaka Konde akalifuate. Na Juma je? Wesha ni karibu zaidi, hata kwa miguu.

Nyie mngetia nini kwenye kopo lile? Semeni tu, hata kama ni cha kuniumiza. Nasoma zote.